Mawese ya Mama Mkwe

Kwenye kilima cha mwisho kabla ya Kibabi, kamioneti kuukuu ya Viateur ilianza kulia kama inasaga mawe. Akajilaza chini yake, akatoka na uso mweusi.

"Sanduku la gia limevuja mafuta yote. Tukienda hivi, gia zitakatika."

Hélène alimkumbatia mtoto wao, Callixte, aliyetakiwa kubatizwa kesho yake. Nyuma ya gari kulikuwa na dumu la mawese, yaliyokamuliwa na mama yake kule Walikale. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda kwa mama mkwe, mama yake Viateur, na dumu hilo ndilo zawadi yake. Angeingiaje mikono mitupu?

Viateur alilitazama dumu, kisha akatazama migomba.

"Sema tu, Papa Callixte! Unaogopa nini?" Hélène akamwambia.

"Ile iko zawadi ya mama."

"Mama anangojea mujukuu ao mawese?"

Hélène akasokota nyuzi za mgomba kuwa kata ndogo, kama ile ya kubebea mtungi. Viateur akaikaza penye kuvuja, wakamimina mawese yote ndani ya sanduku la gia. Gari likapanda.

Walipofika, mama mkwe alitoka akinusa. "Nani anapika mawese hapa?"

Hélène aliinamisha macho. "Mama, zawadi yako gari ilikunywa."

Mama akachungulia chini ya gari, akaona matone mekundu, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Leta mutoto hapa!" Akampakata, akawapigia majirani kelele: "Mukuje munuse! Muka-mwana wangu amelipikia gari, ndiyo vile akaniletea mujukuu!"