Mamajusi wa Darasa la Jioni

Jumapili, tarehe 4 Januari 2015. Asubuhi hiyo mji wa Columbia Heights, Marekani, ulikuwa na jua kali lisilo na joto hata chembe. Theluji ililia chini ya viatu, na upepo uliuma masikio.

Mama Héritière alikuwa ameomba tangu alfajiri. Papa Callixte, mzee wa kanisa, alimtaka achague leo: aongoze maombi ya akina mama, au aendelee na lile darasa la jioni la dini za kale. Moyo wake ulitaka vyote viwili. Kilichomsumbua ni maneno ya mwalimu, kwamba Wayahudi walipotawaliwa na Waajemi, huenda walichota kwa wafuasi wa Zoroasta mawazo juu ya malaika, hukumu ya mwisho, nuru kupigana na giza. Je, hata sala zake zilikuwa za kuazima?

Jirani yake Saadia, Mwislamu mwenyeji wa Mombasa, alimpeleka kanisani kwa gari lake.

"Huyo Zoroasta wa darasani kwenu ndiye nani?" aliuliza Saadia.

"Nabii wa Waajemi wa kale. Watu wake huomba mbele ya moto."

"Aa, Majusi! Shoga, si ungesema! Siku zote wanizungusha na Kizungu."

Mama Héritière akamshika mkono. "Majusi? Kama mamajusi wa Betlehemu?"

"Hao wa Betlehemu ni wako, mimi siwajui. Niachie mkono, tutaingia kwenye theluji!"

Njia nzima Mama Héritière alicheka peke yake. Tangu utoto aliwajua mamajusi kama watu wa nyota tu. Hakuwahi kujiuliza kwao waliabudu nini.

Somo la siku lilikuwa hilo hilo. Papa Callixte alisoma jinsi mamajusi walivyotoka mashariki kumtafuta mtoto. Alipofunga Biblia, Mama Héritière alisimama.

"Papa, hao ndio ninaowasoma."

"Akina nani?"

"Mamajusi. Mwalimu anasema makuhani wa Waajemi ndio walioitwa hivyo."

Kisha mama mmoja akasema kutoka nyuma, "Na Mariamu hakuwaomba cheti cha ubatizo!"

Watu wakacheka. Papa Callixte alijaribu kukunja uso, akashindwa.

"Haya, Mama Héritière. Na maombi yetu?"

Aliwaza wale wageni: walikuja na nuru ndogo waliyokuwa nayo kwao, na Mungu hakuizima. Hofu ya asubuhi ikamtoka.

"Nitasoma, na nitaongoza maombi," alisema kwa sauti. "Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote: siku vitabu vitakaponizuia kupiga magoti, nitavifunga."