Timu Iliyokumbatiana Mno

Timu ya kikapu ya akina dada wa kiwanda cha sabuni ilikuwa inafungwa, na kila mtu kiwandani alikuwa na sababu yake. Mwenyekiti wa timu, ambaye hajawahi kudaka mpira hata wa matambara, alisema kocha ndiye mbovu. Mafundi wa mitambo wakasema aka, kocha hana neno, wachezaji wenyewe ni wa kuokoteza. Walinzi wa getini wao walishikilia kwamba ni majeruhi tu, ingawa ukiwauliza nani kaumia wanabaki kukutolea macho. Ubishi ukawa hauishi, na sabuni zinangoja.

Kocha mwenyewe hali, halali. Meza ya nyumbani kaijaza vizibo vya soda, kila kizibo mchezaji, anavisogeza huku na huko mpaka mkewe akamuuliza kama chakula akiweke sakafuni. Mazoezi akayaongeza, na ukali juu yake. Lakini lililomkera kuliko yote ni kwamba wale akina dada walikuwa wanakumbatiana mno. Filimbi ikilia tu, huyo kamkumbatia Nguzo. Mpira ukitoka nje, mwingine kamshika Nguzo kiunoni. Nguzo ndiye nahodha, mrefu wao, msimamaji wa chini ya kikapu, na kweli wanampenda, lakini jamani, mapenzi gani hayo na timu iko nyuma? Kocha aliwafokea mbele za watu kwamba pale ni uwanjani, si harusini. Wakaitikia ndiyo, mwalimu. Mechi iliyofuata wakakumbatiana vilevile.

Ikatokea siku akamjibu mwamuzi vibaya. Adhabu yake ikawa mechi moja akae jukwaani na watazamaji, benchi asilisogelee. Akapanda ngazi mpaka juu kabisa, kanuna, kakunja mikono. Ndipo kwa mara ya kwanza akaitazama timu yake kutoka juu.

Mwanzoni hakuelewa anachokiona. Mpira ulipogonga ubao, Nguzo hakuruka. Aliruka dada wa upande wake wa kushoto, na kabla hajatua nafasi yake ilishazibwa na wa tatu, na ya wa tatu ikazibwa na Kadogo, mfupi kuliko wote, aliyetokea huko mwisho wa uwanja sijui kwa miguu gani. Walizunguka wote kwa pamoja, bila kutazamana. Nyuma ya mgongo wa Nguzo vidole vilikuwa vinacheza, viwili, kimoja, ngumi, na kila vilipobadilika timu nzima iligeuka. Kocha hakuwa amewafundisha kitu cha namna hiyo. Asingejua hata aanzie wapi kukifundisha.

Kisha filimbi ikalia, na Kadogo akamkumbatia Nguzo. Kutoka kule juu Kocha akauona mguu wa kushoto wa nahodha wake ukining'inia, kisigino hakigusi sakafu. Kumbe wanambeba. Kila kumbatio la msimu mzima, walikuwa wanambeba ili mguu ule upumzike.

"Mungu wangu," akasema, na jirani yake akadhani analalamikia matokeo.

Walifungwa, tena kwa kidogo tu. Wanne wazima wamefanya kazi ya watano mpaka kipenga cha mwisho, na watano kamili wa upande wa pili wakashinda huku ulimi nje. Kocha alibaki ameketi, mwili umemsisimka. Miaka yote ya kazi yake hakuwahi kuona watu wakicheza hivyo.

Alimkuta Nguzo kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo, barafu gotini. Yule dada hakuficha tena. Goti liliharibika mwanzoni mwa msimu, na daktari alimkataza kuruka maisha yake yote. Lakini kanuni ya kiwanda inajulikana: aliyeajiriwa kwa ajili ya timu akitoka kwenye timu, ametoka kazini, na Nguzo ana mama na watoto wawili wanaomtegemea. Wenzake wakakata shauri kimyakimya.

"Kwa nini mlinificha mimi?"

"Ungelazimika kusema, mwalimu. Hatukutaka tukupe mzigo huo."

"Na ule mzunguko, nani kaubuni?"

Nguzo akainama, kama aliyeshikwa na kosa. "Mimi."

Kesho yake Mwenyekiti akamwita Kocha mbele ya kamati. Imebaki mechi moja, akasema, tukifungwa tunashuka daraja, kwa hiyo atoe jibu moja la kueleweka: tatizo ni ukocha, ni wachezaji, au ni majeruhi?

Jibu la kumwokoa Kocha lilikuwa ulimini. Neno moja tu, na Nguzo hana kazi.

"Ni ukocha," akasema. "Wachezaji kama wale sijapata kuwaona, na nimewafokea. Anayewajua ni Nguzo. Mpeni yeye timu, akae benchi, mimi niondoeni."

Mwenyekiti, aliyekuwa akimtafutia sababu siku nyingi, alikubali haraka mpaka ikatia aibu.

Siku ya mechi ya mwisho Kocha alipanda jukwaani kwa hiari yake. Uwanjani sasa wako watano wenye miguu mizima, na ile tabia ya kukimbilia kuziba nafasi ya mwenzao hawakuiacha. Wapinzani walikuwa wanageukageuka kama wanaomtafuta mchezaji wa sita. Mafundi wa mitambo ubishi waliusahau. Hadi mapumziko timu ya sabuni ilikuwa mbele, na hakuna aliyeona inavyoweza kukamatwa.

Fundi mmoja akamgeukia. "Hivi hawa nani kawafundisha?"

Machozi yanamtoka Kocha, mtu mzima, wala si ya kazi iliyopotea. Akanyoosha kidole kuelekea benchi, alipoketi mwanamke mrefu, mguu kaunyoosha mbele, mkono mmoja hewani, na watu watano wanageuka naye.