Fyuzi Mfukoni mwa Eluned

Eluned Pritchard alikuwa na mwiko mmoja gerejini, na aliushika kuliko wachungaji wengine wanavyozishika amri kumi: fyuzi ya kazi isiyokwisha hukaa mfukoni mwa fundi. Si mezani wala kwenye droo. Asiye na fyuzi hawezi kuwasha, na asiyeweza kuwasha hawezi kuunguza. Mwiko huo aliurithi kwa baba yake, Emrys, fundi umeme wa magari kama yeye. Eluned alipokuwa na miaka kumi na sita aliisahau fyuzi juu ya boneti, na mzee akamchapa kofi la mkono lililomwasha mpaka Jumapili kanisani.

Jumamosi hiyo kazi yenyewe ilikuwa gari la mzee: gari la mbio la kijani, viti viwili, la mwaka 1967, alilolipenda kuliko meno yake mwenyewe. Emrys alikuwa na miaka sabini na tisa, na sasa alitaka redio na amplifaya, asikilize kwaya za wanaume akipanda mlima. Eluned alikubali kwa sharti moja, swichi kuu ya betri nyuma ya viti, yenye ufunguo mwekundu wa plastiki. Ukiuchomoa, gari zima linakufa papo hapo.

"Unanichomekea kijiti cha aiskrimu kwenye gari kama hili?" mzee alilalamika wiki tatu nzima.

"Bila kijiti hakuna kwaya, Baba."

"Mama yako angekuwa hai asingekuacha uniaibishe hivi."

"Mama ndiye alikuwa anasukuma gari hili likizima kwenye mvua. Angekuchomekea viwili."

Hata saa nne asubuhi, waya mnene ulikuwa umeshalazwa. Ulitoka kwenye betri nyuma ya viti, ukapenya tundu alilotoboa kwenye ukuta wa bati, ukaingia ndani ya buti hadi kwenye amplifaya, shubiri moja kutoka tangi la petroli. Kilichobaki ni kipete cha raba cha kuvisha lile tundu, maana bati lililotobolewa lina makali ya wembe, na waya unaotikisika juu yake huchunika. Kipete cha kipimo hicho hakikuwepo. Eluned akatia fyuzi mfukoni mwa ovaroli yake.

"Nashuka dukani mara moja," alimwambia baba yake, na Mabli, binti yake wa miaka kumi, aliyekuwa amekaa juu ya tairi. "Msiguse kitu."

"Tuguse nini sisi?" alijibu mzee, akimega chokoleti.

Aliporudi baada ya dakika ishirini na tano, mlango wa gereji ulikuwa wazi na gari halipo. Mezani palikuwa na karatasi yenye mwandiko wa mzee: *Redio inaimba! Nimempeleka Mabli mlimani. Weka chai.*

Eluned alicheka kidogo. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Redio inaimbaje? Aliingiza mkono mfukoni. Fyuzi ilikuwemo.

Ndipo alipoliona kopo la fyuzi zilizokufa, limefunguliwa, na kando yake nusu ya chokoleti iko uchi, karatasi yake ya fedha haipo. Alielewa mara moja, na hakutaka kuelewa. Mtu amechukua fyuzi mbovu, ameizungushia ile karatasi, ameipachika mahali pa nzima. Sasa umeme wote wa betri ulikuwa unapita bila mlinzi, kwenye waya unaosuguliwa na wembe, pembeni ya petroli. Na mwanawe alikuwa amekaa mbele yake.

Kilichomtisha zaidi ni mkono uliofanya hivyo. Maisha yake yote alimsikia baba yake akiwafokea wateja, "Anayefunga fyuzi kwa karatasi ya chokoleti ni muuaji, ila hana haraka!" Mganga hajigangi, ni kweli, lakini mganga hajinyweshi sumu anayoijua kwa jina. Eluned alipiga simu ya mzee. Ikalia pale pale kwenye rafu, nyuma ya kopo la grisi.

Aliliendesha gari lake la kazi kama hakuwahi kuendesha. Barabara ya mlimani ni nyembamba, kuta za mawe huku na huku, na kila kona alitazamia kuona moshi mweusi. Alijikuta akisali kwa sauti, yeye ambaye kanisani huenda kwa ajili ya kuimba tu. Alihesabu vipande vya barabara: lile daraja lenye tuta, yale mawe ya mtoni, yote ya kutikisa waya.

Kwenye lango la juu, trekta ya Gethin, jirani yao mfugaji, ilikuwa imeziba njia.

"Umewaona?" Eluned alipiga kelele dirishani.

"Nani asiwaone! Redio iko juu mpaka kondoo wangu wametawanyika. Mwambie mzee wako nitamdai mbwa wa kuwa—"

"Toa trekta, Gethin! Toa!"

Gethin alimwona usoni, akaitoa.

Harufu ilimfikia kabla ya gari. Plastiki iliyoungua. Akapinda kona, akaliona gari la kijani limesimama upande kwenye majani, uzi wa moshi unatoka ukingoni mwa buti, na viti vyote viwili vitupu.

"Mabli!"

"Tuko huku, Mama."

Walikuwa wamekaa juu ya ukuta, hatua thelathini kutoka kwenye gari. Eluned alimkumbatia mtoto mpaka mtoto akalalamika kwamba anaumia.

"Nilinusa plastiki," alisema Mabli. "Babu akasema ni kondoo. Nikachomoa kile chekundu, kama ulivyonionyesha. Kisha nikamvuta Babu, tukakimbia."

"Ameniulia gari katikati ya ubeti wa pili," alisema Emrys kwa hasira. "Huyu mtoto hana adabu ya muziki!"

Moshi ulipokwisha, Eluned alifungua buti. Waya ulikuwa umebaki shaba tupu, zulia limekuwa mkaa, na weusi umetambaa hadi vidole vinne kutoka kwenye tangi. Alikaa chini kwenye majani yenye maji, akaitoa fyuzi mfukoni, akamwinulia baba yake.

"Hii hapa, Baba. Ilikuwa kwangu. Ulijua ingekuwa kwangu."

Emrys aliigeuzageuza kwenye kiganja, akaikunjia uso.

"Sasa nani alikufundisha upuuzi huu wa kutembea na fyuzi mfukoni?"

Eluned alimtazama, akingoja ule utani wake ujitokeze chini ya masharubu. Haukujitokeza. Mzee alikuwa anauliza kweli, na alikuwa anangoja jibu. Hofu aliyodhani ameiacha kule kwenye kona ikamrudia, ikatulia ndani yake.

"Fundi mmoja wa zamani," alisema. "Mkali sana."

"Ama kweli wapo wa ajabu." Emrys akamrudishia fyuzi, akajipangusa mikono, akamnyooshea mjukuu wake kiganja. "Haya, bibi mdogo, lete hicho kijiti changu. Nataka kuwarudisha nyumbani."

Mabli alimtazama mama yake. Eluned alitikisa kichwa kumkataza.

Mabli akautia ule ufunguo mwekundu mfukoni.