Meno Mapya ya Fundi Suti

Fundi Suti alishona suti za karibu mabwana harusi wote wa mji wao, na alipostaafu alijinunulia zawadi moja: meno. Ya kwake ya juu yalikuwa yameisha, likawekwa bamba jipya la meno ya bandia, jeupe kuliko kola ya shati la dukani. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kucheka. Alicheka na muuza magazeti, alicheka na wasiomjua, alicheka hata msibani mpaka mkewe akamkanyaga mguu.

Jambo moja tu lilimnyima raha. Bintiye wa pekee, aliyesoma mpaka wakamwita daktari, alikuwa anashinda porini akifuata nyani. Watu wakimuuliza binti anafanya kazi gani, Fundi alisema yuko serikalini, kisha akabadilisha mazungumzo. Mwishowe alivaa suti yake nzuri akaenda kumwona, na ikibidi, kumrudisha mjini atafute kazi ya kukaa mezani.

Binti alimpokea kwenye kituo chao, jengo la chumba kimoja kirefu chini ya vilima vya mawe. Mezani zilipangwa taya za nyani, mbili mbili kama viatu dukani. Fundi alizikagua kwa makini. Mambo ya meno siku hizi aliyaona ni yake. Binti akamweleza kwamba nyani mzima ana meno thelathini na mawili kama binadamu, na mpangilio ni uleule. Tofauti kubwa ni chonge. Dume hunoa zake za juu kwa jino la chini kila anapofunga kinywa.

Fundi akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, kama ni kweli hawa ndio babu zetu.

"Si babu, Baba. Ni binamu. Babu yetu sisi na wao ni mmoja, ila alikufa zamani mno. Wa zama zake wamebaki meno na vipande vya taya ndani ya miamba."

"Basi ni binamu wa upande wa mama yako," alisema Fundi, akaona hilo limekwisha.

Kabla ya kutoka alipewa masharti. Asimkazie nyani macho, asimguse, asile mbele yao, na zaidi ya yote asionyeshe meno, maana dume akipiga miayo mbele yako si usingizi, anakuonyesha silaha. Fundi aliyasikia yote isipokuwa hilo la mwisho. Ilikuwa kama kumwambia bibi harusi avae koti juu ya gauni.

Walilikuta kundi juu ya mawe, linaota jua la asubuhi. Binti alimtambulishia mmoja mmoja kwa mnong'ono. Lile dume kubwa lenye manyoya mabegani waliliita Brigedia. Lilitoka kundi jingine, kwani madume wakikua huhama walikozaliwa. Wenye mji hasa ni majike, na cheo cha mama hurithiwa na binti. Hapa mkubwa wao alikuwa kikongwe mwenye sikio lililochanika, jina lake Shangazi, na mabinti zake ndio waliokalia mawe mazuri.

"Kwa hiyo huyu mnene amehamia ukweni," Fundi alisema, "na bado anapiga kelele?"

Huenda sauti ilipanda kidogo. Brigedia aligeuka akamtazama. Fundi, kwa adabu tu, akatabasamu mpaka ufizi. Brigedia akapiga miayo polepole, chonge zikaonekana, kila moja kama kidole. Binti alimnong'oneza babake atazame chini. Lakini Fundi hakuwa ameshindwa na mtu kwa meno tangu anunue yake, akaongeza tabasamu. Brigedia alisimama, manyoya yamemsimama, akateremka huku akipiga ardhi kwa kiganja.

Hapo suti yote ililoa jasho. Fundi akafanya kitu pekee alichojua kinamaliza ugomvi, kile kilichowaua watoto wa jirani kwa kicheko. Alichomoa bamba la meno akalinyoosha mbele kwa mkono.

Brigedia aliganda. Alitazama mkono, akatazama kinywa, akarudi kwenye mkono. Kisha akageuza uso pembeni kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka, akaondoka zake, mkia wima kwa hofu.

Fundi alikuwa bado anafurahia ushindi alipohisi mkono mwepesi. Mjukuu wa Shangazi, mtundu waliyemwita Kifungo, alikuwa amelinyakua bamba. Alilinusa, akaliuma, akaona gumu, akalisukumia ndani ya shavu, likatuna kama ana jipu. Hapo hapo binti akaanza kueleza kwamba nyani ana mifuko mashavuni ya kuhifadhia chakula, ambayo sisi na sokwe hatuna.

"Thikuja kuthoma, mwanangu," alisema Fundi. "Nataka meno yangu."

Ilibidi wangoje. Wakimfukuza, angelitupa kwenye ufa wa mwamba. Fundi alikaa chini na suti yake. Baada ya kitambo alihisi vidole vikichambua nywele za kisogoni, akadhani ni binti. Binti alikuwa mbele yake, mdomo wazi. Aliyekuwa akimchambua ni Shangazi.

Kanuni zilimtaka binti amwondoe babake mara moja. Hakuweza. Miaka yote aliyowafuata, hakuna nyani hata mmoja aliyewahi kumgusa unywele, na moyoni aliona wivu asiojua auweke wapi. Babake alikuwa amefumba macho kama mtoto anayesukwa.

Kifungo alipoona bibi yake yuko kazini, naye akaja, akajilaza mapajani mwa Fundi ili achambuliwe. Raha ilipomkolea, alikumbuka mzigo wa shavuni. Akausukuma kwa nyuma ya mkono, meno yakadondoka juu ya suruali.

Ndipo alipotokea mkuu wa kituo, mtunga kanuni mwenyewe. Aliuliza kwa upole wa kutisha mgeni ni nani.

"Ndugu yao," alijibu Fundi bila kufumbua macho.

Mkuu alifoka, lakini baada ya nyani kuondoka. Alisema mafua ya mtu mmoja yanaweza kufyeka kundi zima. Fundi akapelekwa kupimwa, akaonekana mzima, akapigwa marufuku kukaribia mawe yale. Meno yalisafishwa kwa dawa, yakabaki na alama ya kung'atwa ambayo alikataa isuguliwe.

Habari ya kurudi mjini haikutajwa tena. Siku hizi anayemuuliza kuhusu binti husikilizishwa ukoo wa Shangazi mpaka atafute udhuru wa kuondoka. Kila jioni Fundi hupiga simu kuulizia Brigedia anagombana na nani. Juzi binti alijibu kwamba yeye mwenyewe haendelei vizuri, ana mafua. Fundi akampa pole, kisha akamwambia akae mbali na Shangazi, asije akamwambukiza.