Nafasi Nyeupe Kwenye Daftari la Kata ya Tatu

Shangazi yangu Verna hakushindwa uchaguzi wa udiwani. Alitolewa na kopo la kahawa. Alipata kura mia mbili na kumi na mbili, na Halvorsen mwenye duka la matairi akapata mia mbili na kumi na mbili, na sheria ya huku Wisconsin inasema wagombea wakifungana hivyo wapigiwe bahati nasibu. Karani wa jiji, Bi Maribeth, aliandika majina kwenye vikaratasi viwili, akavikunja, akavitia koponi, akatikisa kama anayekaanga bisi, akachomoa kimoja. Halvorsen. Nilizomea kuliko mtu yeyote ukumbini. Kifuani nilikuwa nimebandika ile stika ya “Nimepiga kura” wanayopewa waliofika kituoni, ingawa siku ya kupiga kura ilikuwa imepita karibu wiki nzima. Stika yenyewe niliibandua kwenye koti la baba.

Niseme mapema ili tusizungushane: sikupiga kura. Siku ile, mchana, shangazi alinipigia simu kati ya zamu zake mbili za kuendesha basi la shule, kunikumbusha. Nikamjibu nimeshapiga kitambo, tena nimewasukuma vikongwe wawili kwenye foleni. Alicheka sana. Nia ya kwenda nilikuwa nayo, wallahi, ila niliipangia jioni. Jioni wenzangu wa kiwanda cha jibini wakanipitia twende kuviringisha tufe, ule mchezo wa kuangusha vigongo kwa mpira mzito, na mkono wangu siku hiyo ulikuwa umekubali. Kila nikitupa, vigongo vyote chali. Nilipokumbuka kutazama saa, ilikuwa saa mbili na robo na vituo vimefungwa.

Ijumaa baada ya ile bahati nasibu ukoo mzima ulikuwa mezani kwa samaki wa kukaanga, kama kila Ijumaa. Mjomba mmoja akauliza ni nani basi aliyekosekana, maana kura moja tu ingetosha. Nikaona macho yanaanza kuzunguka meza, na kabla hayajanifikia nikasema waende kumuuliza Bi Ardith, kwa sababu siku ya kura theluji ya mlangoni kwake haikuwa na unyayo hata wa paka. Watu walicheka. Shangazi hakucheka.

Bi Ardith Tengblad ni mjane anayekaa ng'ambo ya barabara, mkabala na shangazi, miaka thelathini sasa. Macho yake yamechoka, kwa hiyo kila Jumapili shangazi ndiye humpeleka kanisani. Jumapili ile nilikuwa kiti cha nyuma. Bi Ardith alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake. Shangazi alipita bila hata kupunguza mwendo, na mimi, mwenye maneno kuliko redio, nikatazama viatu vyangu.

Nikafikiri nizigeuze hasira za shangazi zimwendee Halvorsen. Nikamwambia tuombe jijini taarifa zake za fedha za kampeni, tujue nani alimlipia yale mabango makubwa kama milango ya ghala. Raia yeyote anaruhusiwa kuomba na wala haulizwi sababu. Barua niliiandika mwenyewe, nikaitia na vijembe viwili vitatu. Shangazi aliisoma, akafuta vijembe, kisha akaongeza mstari wake chini: na daftari la wapiga kura la kata ya tatu.

Sikujua kwamba hata hilo linatolewa. Daftari halisemi ulimpa nani kura, linaonyesha tu kama ulifika, na sahihi yako mbele ya jina. Shangazi alitaka kuuona mstari wa Bi Ardith kwa macho yake.

Baada ya siku nane karani alipiga simu kwamba nakala ziko tayari. Shangazi alikuwa barabarani na watoto wa shule, nikatumwa mimi. Taarifa ya Halvorsen ilikuwa kurasa nne: rangi, mbao, pizza za waliomsaidia, dola sitini kutoka kwa mkwewe. Mabango yalikuwa ya uchaguzi uliopita, alipaka tu mwaka mpya juu ya ule wa zamani. Hata mimi sikupata cha kumtania.

Daftari nalo lilikuwa kurasa kumi na tisa. Nililifungua palepale kaunta. Tengblad, Ardith: sahihi iliyopinda kama njia ya konokono, mpiga kura wa saba siku hiyo. Mtu wa saba! Mimi saa hiyo nilikuwa nakoroma. Kisha nikarudi nyuma kwetu, akina Prusak. Baba, sahihi. Mama, sahihi. Katikati yao Prusak, Rollie, na mbele yake pameachwa peupe.

“Kurasa ni kumi na tisa, Rollie,” Bi Maribeth alisema taratibu. “Nimezihesabu mara mbili, na idadi iko kwenye risiti.”

Nikamuuliza kwa nini ananiambia mimi. Akasema humwambia kila mtu. Uongo mtakatifu, bwana aliyenitangulia kwenye foleni alikabidhiwa ramani yake ya mfereji bila kuambiwa chochote.

Ndani ya gari nilikuwa na kikombe cha kahawa. Nilifungua ukurasa wetu mapajani, nikakiinamisha kikombe juu ya jina langu mpaka kahawa ikafika ukingoni. Kilichonizuia si wema. Ni kujua kwamba Maribeth angetoa nakala nyingine.

Nyumbani kwake shangazi alivaa miwani, akaenda moja kwa moja kwenye kurasa za mwisho. Kidole chake kilishuka, kikasimama.

“Alikwenda,” akasema. “Na macho yale. Asubuhi yote ile.”

Alivua miwani, akatafuta skafu yake. Kwa akina Prusak hakutupa hata jicho. Ningenyamaza tu, angevuka barabara peke yake akaombe radhi kwa kosa nililolipika mimi. Nilitafuta utani wa kuanzia. Huwa sikosi. Safari hii kichwa kilikuwa kitupu.

“Shangazi, hebu tazama na kwetu.”

Alirudi, akafungua, akatazama. Niliona macho yake yanapita kwa baba, yanasimama.

“Ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa naviringisha tufe.”

“Mpaka vituo vinafungwa?”

“Nilikuwa nashinda,” nikasema.

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Aliuliza kitu kimoja tu, kama ile habari ya theluji ya Bi Ardith niliiona au niliitunga. Nikamwambia niliitunga. Akanitupia koti langu.

“Utamwambia wewe,” akasema. “Mimi nitasimama nisikie.”

Bi Ardith alipofungua mlango alinitabasamia mimi kwanza, maana tangu nikiwa mdogo ndiye niliyekuwa nikimchekesha. Akauliza leo nimemletea kituko gani. Nikamweleza vyote: simu, tufe, stika, mezani. Nilikwama mara tatu, na hakuna aliyenisaidia neno. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia shangazi kana kwamba mimi sikuwepo.

“Jumapili mbili, Verna. Nilisimama na mkoba mkononi mpaka kengele ikalia.”

Shangazi alijifunika uso kwa skafu. Bi Ardith alimshika mkono, akamvuta ndani. Nilisikia viti vikiburutwa, birika likiwekwa jikoni, na shangazi akilia vile nisivyowahi kumsikia, hata siku ya kopo la kahawa hakulia hivyo. Mlango ulibaki wazi na mimi kwenye ngazi, mikono mifukoni.

Baadaye Bi Ardith alichungulia.

“Funga mlango, Rollie. Baridi inaingia.”

Hakusema niufunge nikiwa ndani au nje, na sikuwa na uso wa kumuuliza. Niliufunga pole pole, usigonge, nikabaki nje.