Jino la Edmund

Wifi yangu Valeria alisimama mlangoni mwa wodi akanitangaza mchawi mbele ya wagonjwa wote. Alisema mimi Ottilia, mwanamke wa kuja kutoka Kitai, nimemtilia kaka yake sumu kwenye usipa, dagaa wa ziwani, na kwamba leo hii anamtoa hospitalini ampeleke kwa mganga kule Lituhi. Mama mkwe alikuwa nyuma yake, anaitikia kwa kichwa. Gari walikuwa wameshakodi.

Nilikaa kitandani miguuni pa Edmund, nikaapa moyoni kwamba atakayemwinua mume wangu ataanza kuniinua mimi. Edmund alikuwa amebaki mifupa mitupu. Homa ilimpanda kila jioni, jasho likilowesha shuka, na kila alipopimwa malaria haikuonekana. Walipoikosa malaria, wakanipata mimi.

Ukoo wao wanashona nyavu kule Chiwanda, na wote hukata uzi wa nailoni kwa meno. Ukiwapa wembe wanakucheka. Valeria, dada mkubwa, ndiye aliyemfundisha Edmund kazi hiyo, na jino la Edmund lilipasukia humo humo, likaoza, fizi ikatunga usaha. Nilisema twende hospitali Mbinga, kwa sababu vali moja ya moyo wake iliharibika tangu utotoni na tulishaonywa asiguswe jino kabla daktari hajaambiwa. Nikaambiwa namdekeza mume. Siku moja nilirudi kutoka shamba la mihogo nikakuta pengo. Edmund akasema limetoka lenyewe, na mimi mjinga nikaamini.

Daktari Evarist alikuja kwa kelele za Valeria. Alimwacha amalize, kisha akaeleza kwamba bakteria wanaishi kinywani mwa kila mtu, hata mwake yeye daktari, na wakikaa humo hawana shida kubwa. Wakipata kidonda kwenye fizi huingia kwenye damu. Moyo mzima huwapitisha tu, lakini vali mbovu huwapa pa kushikilia, wakaanza kuila. Edmund alihitaji sindano kwa wiki nyingi. Akitolewa leo, daktari alisema, mtarudi na maiti.

Halafu akauliza, "Hilo jino alilitoa nani?"

Edmund akafumbua macho.

"Dada," alisema. "Kwa koleo."

Nilifurahi, siwezi kudanganya. Mama mkwe alikaa chini sakafuni. Valeria alitazama mikono yake, na neno lake lile lile la mchawi lilikuwa tayari mdomoni mwangu, nimrudishie wodi nzima isikie.

"Alikuwa analia, wifi," alisema kwa sauti ndogo. "Ningemwachaje?"

Sikumhurumia. Nilichukua kikombe cha maji ya chumvi na mswaki laini tuliopewa na nesi, nikamkabidhi.

"Msafishe kinywa kaka yako. Polepole, damu isitoke."

Nilitaka alione lile pengo kwa karibu. Na zaidi ya hapo nilitaka Edmund amkatae, ageukie ukutani, mbele ya mama yao, ili nyumba ile ijue nani ni nani. Valeria akapiga magoti, akauchovya mswaki kwenye maji ya chumvi. Nikasubiri.

Edmund hakugeuka. Alimtazama dada yake, akafumbua kinywa chote, bila woga wowote, kama alivyokifumbua siku ile ya koleo.