Kasi Iliyolala

Haya, wewe uliyekaa kitako hapo, nakutega: nyumba yangu nimeijenga tangu ujana, ina vyumba vya kuwatosha wanangu wote, jua linaingia madirishani asubuhi na jioni, na sijapata kulala ndani yake hata usiku mmoja. Ni nyumba gani?

Usikimbilie kunipa mji. Kwa kinyozi mmoja hata mtoto anayetambaa angekujibu bila kukuna kichwa. Nyumba hiyo ni mwakani, na kinyozi huyo ndiye aliyekuwa mjenzi wake mkuu.

Kiti chake cha kunyolea kilikuwa kimepasuka ngozi na kushonwa kwa uzi wa viatu, kingebadilishwa mwakani. Bati la jikoni lilivuja, nalo lingezibwa mwakani, na sufuria ya kukinga maji ikapata mahali pake pa kudumu pale sakafuni kama mtu wa nyumbani. Mkewe alimwita Bwana Mwakani, jina likatoka jikoni, likavuka barabara, likaingia kinyozini.

"Bwana Mwakani," mteja angeuliza akiwa nusu ya kichwa imenyolewa, "na huu upande wa pili unaumaliza leo, au ndiyo mpaka tupishane na mwaka?"

Naye angecheka, akimtazama mteja kupitia kioo. Ndiyo tabia ya kazi hiyo: unasimama nyuma ya watu, mnaonana machoni kwenye kioo. Kinyozi alizoea hivyo mpaka ikawa maneno mazito aliyaweza yakipita kiooni tu. Ana kwa ana, ulimi ulimganda.

Hakuwa bahili, usimdhulumu. Alikuwa mtu aliyeiamini kesho, basi. Alikwisha kuona bei zikipanda na kushuka, vidonda vikifunga vyenyewe, majirani wakali wakihama bila kufukuzwa. Kusubiri kulikuwa kumemlipa.

Binti yake aliitwa Radi. Jina la shuleni alikuwa nalo, lakini vidole vyake ndivyo vilivyomtafutia hili la pili. Tangu akiwa mdogo, ukimrushia ufunguo ameshaudaka kabla hujamaliza kumwita. Alicheza gemu za mashindano kwenye kompyuta kuukuu iliyokoroma kama mzee mwenye mafua. "Baba, hii mashine ni mchawi," alikuwa akilalamika. "Adui ananiua kwanza, halafu ndipo inanionyesha anakuja." Aliomba mpya. Akaambiwa mwakani. Akaomba tena, akaambiwa mwakani, mpaka ombi lenyewe likageuka mzaha wa mezani, kama chumvi.

Sasa siku moja, wakila, kinyozi akasema huku anaitazama sahani yake, "Jumamosi twende tukaangalie ile kompyuta."

Radi akaacha kutafuna. "Kompyuta gani?"

"Yako."

"Mama, mguse paji la uso. Baba ana homa."

Mama yake hakumgusa mtu paji. Aliinuka, akaenda kuitazama sufuria ya maji ya bati, na mvua haikuwa imenyesha.

Wao wawili walikuwa wanajua. Wiki ile walikuwa wamempeleka Radi hospitali, kwa sababu vikombe vilianza kumponyoka, na vifungo vya sare vilimchelewesha shule. Muuguzi alipokuwa akimpima uzito chumba cha pili, daktari aliwaambia wazazi kilichokuwamo kwenye majibu. Ni ugonjwa wa misuli. Umeanzia vidoleni, utapanda. Hauna dawa ya kuurudisha nyuma, zipo za kuubembeleza tu. Kinyozi aliuliza utafika wapi, na lini. Daktari, mwanamke mtu mzima, alivua miwani yake akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Sitaki kukutajia siku nisizozijua," alisema. "Ila kama kuna jambo la mikono analolipenda, alifanye sasa. Msiliahirishe."

Radi aliambiwa ana udhaifu wa misuli na kwamba watafuatilia. Hakuuliza zaidi. Nao wakashukuru kwamba hakuuliza, kisha wakaona haya kwa kushukuru.

Duka la kompyuta lilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitanda. Fundi alikuwa msichana mcheshi aliyechomeka bisibisi nyuma ya sikio.

"Karibu mzee. Hujambo, mdogo wangu? Mashine ni ya nani hapa?"

"Yangu," Radi alisema. "Baba ni benki."

"Na benki ina maneno?"

"Leo haina. Ndiyo maana nina wasiwasi nayo."

Wakapatana upesi juu ya kasha, ubao mama wa kuunganishia vyote, feni na skrini. Walipofika kwenye RAM, kumbukumbu ya mashine, fundi alipanga pakiti tatu juu ya kaunta ya kioo, akasugua viganja.

"Hapa ndipo watu hugombana. Ukubwa ni ule ule, tofauti ni kasi. Hii ni ya elfu nne na mia nane, hii elfu sita, hii elfu saba na mia mbili."

"Elfu sita za nini?" kinyozi aliuliza.

"Chukulia ni mhudumu, mzee. Kichwa cha mashine kinaagiza kitu, yeye anakwenda stoo kukileta. Stoo zote tatu zinalingana. Ila huyu wa kwanza anatembea, huyu wa pili anakimbia, na huyu wa tatu anakimbia kwa sababu kuna mbwa nyuma yake."

"Nipe wa mbwa," Radi alisema.

"Wa mbwa ana visirani. Ubao uliouchagua hautamvumilia. Leo atakwenda vizuri, kesho atakuzimia katikati ya pambano. Na nikwambie, kutoka huyu wa pili hadi wa tatu macho yako hayataona kitu. Tofauti ni unywele mmoja."

"Kwetu unywele mmoja ni kazi. Muulize baba."

Wakacheka wote watatu, hata kinyozi. Kisha Radi akaichukua pakiti kwa viganja viwili, kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa pomoni.

"Lakini dada, kama mtu mwenyewe anachelewa? Vidole vyangu siku hizi vinachelewa kidogo. Si afadhali basi kitu kingine kisichelewe?"

Fundi alifungua mdomo atoe mzaha mwingine. Akaitazama ile mikono, akaufunga. Kinyozi alimwona akifikiri, akamwomba moyoni adanganye.

"RAM haiwezi kukisaidia kidole, mdogo wangu," fundi alisema polepole. "Nisikuuzie uongo. Inaisaidia mashine tu."

"Sawa," Radi alisema. "Nilikuwa nauliza tu."

"Ya elfu sita inakutosha. Lakini," na hapa fundi alimgeukia baba, labda apate pa kuweka macho, "mngekuwa ndugu zangu, mzee, ningewaambia msubiri. Bei zimepanda vibaya sasa hivi. Mwakani zitatoka zenye kasi zaidi, na hizi zitashuka. Kwani mna haraka?"

Radi akaangua kicheko mpaka wateja wa pembeni wakageuka. "Dada! Umelitaja neno hilo mbele ya nani? Huyu ndiye mwenye mwakani yake! Haya baba, umeletewa mwenzio. Tusubiri?" Na alikuwa ameshairudisha pakiti kaunta, kama msafiri anayeijua njia mpaka mashimo yake.

"Tunachukua," kinyozi alisema. "Ya elfu sita. Leo."

Kicheko cha Radi kilibaki usoni kwa muda, mwenyewe akiwa hayumo, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa. Alimjua baba yake. Alimjua kwenye kiti kilichoshonwa kwa uzi wa viatu, alimjua kwenye bati la jikoni.

"Baba," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Kwa nini si mwakani?"

Kinyozi akapapasa mifuko yote ya suruali kutafuta pochi aliyokuwa ameishika mkononi. Duka zima lilijaa skrini, na zote zilikuwa zimewashwa, zinaonyesha milima na magari. Hapakuwa na kioo hata kimoja cha kupitishia jibu.

"Ngoja nilipe kwanza," alisema.

Fundi akaiunga mashine mbele yao. Alipokuwa akifunga skrubu za mwisho alieleza kwamba RAM ikiwashwa mara ya kwanza haikimbii. Hutembea mwendo wa kawaida, ule wa elfu nne na mia nane. Kasi waliyonunua imo ndani, imelala. Lazima mtu aingie kwenye mipangilio aiamshe, na wapo wanaocheza miaka bila kujua hilo. "Unapoiwasha tu, gonga hiki kitufe, gonga-gonga haraka. Una nafasi ya pumzi moja. Ikikupita, inafunguka kama kawaida na huna budi kuanza upya. Nikuamshie sasa hivi?"

"Usiiguse, dada," Radi alisema. "Nataka niiamshe mwenyewe."

Walipofika nyumbani, mama alikuwa kitandani na sare ya shule mapajani, anatoa vifungo na kushonea zipu. Kinyozi alisimama mlangoni.

"Amekuuliza," mkewe alisema.

"Ameniuliza."

"Ukamjibu?"

Kinyozi akamtazama mkewe.

"Usinitazame mimi, baba Radi. Mimi nikifungua mdomo, kitakachotoka hapo si maneno." Akakata uzi kwa meno. "Wewe ndiye uliyeulizwa."

Kesho yake alasiri waliiweka mashine kwenye meza ya dirishani. Feni zilizunguka bila mlio. Baada ya miaka ya kukoromewa, ule ukimya ulikuwa kama mgeni aliyeingia bila kubisha. Skrini ikafunguka. Radi akatafuta sehemu ya kuonyesha kasi, akaisoma kwa sauti: "Elfu nne na mia nane. Bado imelala, baba. Sasa nitazame."

Akaizima, akaiwasha. Kidole chake kikaenda kwenye kitufe, lakini kikaenda kama mtu anayetembea kwenye maji ya kiuno. Kilipofika, skrini ilikuwa imeshapita.

"Nilikuwa bado sijajiweka sawa," alisema.

Akakaza mgongo, akakitanguliza kidole, akakiweka juu ya kitufe kabisa kabla ya kuwasha. Safari hii kidole kilibonyeza, kikagandia pale, kikakataa kuinuka kibonyeze tena; na kilipoinuka kilitua kwenye kitufe cha jirani. Mashine ikampita. Ilifunguka vizuri, na picha yake nzuri ya milima, bila kosa lolote.

Akajaribu kwa mkono wa kushoto. Akajaribu kwa kifundo cha kidole. Akautukana ubao, akamtukana fundi, akaitukana milima. Mama yake alikuwa ameacha kushona chumba cha pili. Kinyozi alijua kwa jinsi mkasi ulivyonyamaza. Yeye mwenyewe alisimama nyuma ya kiti cha mwanawe, pale anaposimama kila siku ya maisha yake, nyuma ya vichwa vya watu, na mikono yake, ile inayoweza kuzungusha wembe kwenye sikio la mtoto anayelia, ilikuwa haina kazi.

Radi akaizima kabisa. Akaiweka mikono yake mapajani, mmoja juu ya mwingine.

"Baba," alisema bila kugeuka. "Bonyeza wewe."

Kinyozi akavuta kigoda, akakaa kando yake. Akaweka kidole juu ya kitufe. Hakuwasha. Skrini ilikuwa nyeusi, pana, safi, na ndani yake walikaa watu wawili mabega yakigusana. Macho ya Radi yalikuwa humo ndani, yanamngoja. Hakulirudia swali lake. Alikuwa amekaa nalo tangu dukani, amelala nalo, amekunywa nalo chai.

"Uliniuliza," kinyozi aliiambia skrini, "kwa nini si mwakani."

"Niliuliza."

Hapo akafanya asichokizoea. Aliyaacha yale macho ya kwenye kioo, akageuka, akamtazama mwanawe mwenyewe, uso kwa uso, ulimi mzito kama jiwe.

"Kwa sababu mwakani, Radi, mimi ndiye nitakayekuwa nabonyeza."